Nyota za Tabaka la Tatu

Miaka sita kaka yangu Tuomo anaunda chombo
kisichojua kurudi nyuma.
Kinatoka kushoto, kinakwenda kulia,
skrini ikikisukuma mgongoni
kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Anakiundia chumbani, juu ya duka la baiskeli, hapa Raahe;
mchana anasoma mita za umeme za watu,
usiku anahesabu risasi.
Hana kampuni, hana tajiri. Ana kompyuta ya mitumba
inayonguruma kama jokofu lenye kinyongo,
na milipuko yote kairekodi mwenyewe:
mlango wa sauna ukibamizwa,
gunia la viazi likiporomoka ngazini,
na mimi nikipiga chafya.
Mimi ndimi zimwi la hatua ya nne.
Ukiniua, napiga chafya.

Kazi yangu ni kuendesha gari la kusukuma theluji.
Zamu huanza saa nane za usiku.
Alfajiri narudi nimeganda vidole,
ananipa kahawa, ananisogezea kibodi:
"Hilkka, hebu nifie kidogo."
Nami nafa. Nafa mara thelathini kabla ya kifungua kinywa,
naye anaandika nimefia wapi,
karani asiye na huruma wala chuki.

Siku moja nikamuuliza:
risasi imenipasua bawa, mbona sijafa?
Akanifunulia.
Chombo chote kile, mabawa, moto wa nyuma,
ile rangi ya chungwa aliyoihangaikia wiki nzima,
ni pambo. Risasi zinapita humo bure.
Uhai umewekwa kwenye nukta moja,
nyeupe, tumboni, ndogo kuliko punje ya chumvi.
"Linda hiyo. Mengine yaache yapigwe."
Kanisani sijapata kusikia mahubiri mafupi hivyo.

Kilichomshinda ni nyota.
Zilikaa nyuma ya vita kama karatasi ya ukutani,
zimebandikwa, hazina habari na mtu.
Alizifuta, akazichora, akazifuta.
Februari nikavunja sheria ya kazi,
nikampakia garini, tukashika njia ya Pattijoki.

Theluji ikatujia usoni mwa taa.
Kilomita tatu hakusema neno.
Kisha: "Hizi za karibu zina haraka.
Zilizo nyuma yake zinatembea.
Na ile je?"

Ile ilikuwa taa nyekundu
juu ya bomba la moshi la kiwanda cha chuma.
Tulikwenda, tukakwenda. Haikusogea.
Baba alifanya kazi chini yake miaka ishirini na tisa,
akatoka na kifua kibovu na saa ya mkononi.
Hatukumtaja.
Nikabadili gia, jembe likakwaruza lami.

Mchezo ulitoka mwezi wa tano.
Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala arobaini na moja,
mbili nilizinunua mimi.
Mtu mmoja wa Uruguay akamwandikia barua ndefu,
mwisho wake swali:
nimemaliza hatua zote saba, ile nyota nyekundu
bado iko mbele, inafikiwaje?
Tuomo alilala na swali hilo siku mbili.
Akajibu kwa mstari mmoja:
"Haifikiwi. Samahani sana."

Tangu hapo kaongeza kitu, wala hakuniambia.
Nimekigundua leo, kwa kufa.
Nukta nyeupe ikiguswa, vyote vinasimama:
risasi hewani, maadui na midomo wazi,
nyota za haraka, nyota za mwendo wa miguu,
kimya, nukta moja ya saa.
Ila ile ya tabaka la tatu.
Ile inapepesa, mara moja,
kama mtu aliyekuona unaanguka
na hawezi kuondoka zamuni.

Kahawa imepoa.
Tuomo amegeukia dirisha, anajifanya anafuta miwani.
Nimebonyeza: anza tena.